Mbwa Mdogo Anapozaa Nyumbani

Hapa kwetu Kisesa mbwa si kitu kigeni. Tangu zamani mbwa wa Msukuma amekuwa mlinzi wa boma na mwenzi wa mchunga ng'ombe. Hulala nje, hula makombo, na siku zake zikitimia hujificha kichakani au chini ya ghala, kisha huonekana baada ya wiki kadhaa akifuatwa na vitoto vyake. Hakuna aliyemsaidia kuzaa, na hakuna aliyehesabu ni vingapi vilikufa.

Lakini mji wa Mwanza unazidi kutusogelea, na nyumba nyingi kando ya barabara ya Musoma sasa zinafuga mbwa wa namna nyingine. Hawa ni wale wadogo wa kizungu, wenye manyoya mengi na miguu mifupi, kama Maltese, Spitz na Chihuahua, pamoja na machotara wao. Baba humleta akiwa ndani ya katoni, watoto humshangilia na kumpa jina, na baada ya wiki mbili anayemlisha, anayemwogesha na anayefagia uchafu wake ni mama wa nyumba. Kisha siku moja mama huyo anagundua kwamba tumbo la mbwa limeshuka na chuchu zimevimba. Afanye nini?

Wengi hudhani mbwa ni mbwa, atajua mwenyewe. Tungependa kuonyesha kuwa kwa mbwa mdogo haiko hivyo. Yeye anahitaji msaada wa mtu, na msaada huo unaanza kwa mbwa mzazi mwenyewe kabla ya vitoto. Mzazi akiwa na afya, akiwa amechanjwa, ameshiba na ametulia, kazi iliyobaki ataifanya yeye. Akipuuzwa, vitoto watapotea, na pengine hata watoto wetu wataingia hatarini.

Kwa nini mbwa mdogo ni tofauti

Mbwa mkubwa huweza kuzaa vitoto wanane au kumi. Mbwa mdogo kwa kawaida huzaa kuanzia mmoja hadi wanne tu. Ukidhani uchache huo unamrahisishia kazi, sivyo. Vitoto wakiwa wachache kila mmoja hunenepa tumboni, na kichwa chake huwa kikubwa kwa nyonga nyembamba za mama. Ndiyo maana mbwa wadogo hukwama wakati wa kuzaa mara nyingi kuliko mbwa wetu wa kienyeji. Hatari huzidi ikiwa alipandwa na dume kubwa la mtaani. Basi jike dogo likiwa katika joto lifungiwe ndani, wala lisiachwe kuzurura.

Kitoto cha mbwa mdogo huzaliwa na uzito wa gramu 100 hadi 200 hivi, yaani uzito wa mayai mawili hadi manne ya kuku. Mwili mdogo kiasi hicho hupoa upesi na hauna akiba ya chakula. Saa chache za baridi na njaa zatosha kuuondoa uhai wake.

Kabla siku hazijatimia

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Inaweza kupungua au kuzidi kwa siku chache. Andika kwenye kalenda siku aliyopandwa, ili usije ukashtukizwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa mzazi aipate kabla ya kupandwa, na kadi yake itunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Tutaona baadaye kwa nini kadi hiyo ni ya maana sana. Muulize pia daktari wa mifugo juu ya dawa ya minyoo inayofaa wakati wa mimba. Usikisie mwenyewe. Wala usitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe kumwondolea kupe na viroboto. Dawa iliyopimwa kwa ajili ya ng'ombe inaweza kumwua mbwa wa kilo tatu pamoja na vilivyo tumboni mwake.

Wiki moja kabla ya kuzaa, mtengenezee mahali pake. Katoni imara au sanduku la mbao linatosha, alimradi aweze kujinyoosha na kugeuka ndani yake, na ukingo uwe wa kuzuia vitoto wasitambae nje. Liweke kwenye kona tulivu isiyopitiwa na watu, mbali na mlango. Tandika magazeti chini, kisha vipande vya khanga chakavu au shuka safi. Vitambaa hivyo vikauke juani na vipigwe pasi pande zote. Sote twajua sababu ya kupiga pasi nepi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wake huingia katika ngozi. Vitoto wa mbwa hushambuliwa na funza huyo sawa na watoto wachanga.

Siku ya kuzaa

Joto la mwili wa mbwa kwa kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39. Ukiwa na kipimajoto cha njia ya haja kubwa, utaona kuwa siku moja hivi kabla ya kuzaa joto hushuka hadi karibu na nyuzi 37. Mbwa hukataa chakula, huhema, huchakura matandiko na kukuangalia kwa wasiwasi. Hali hiyo huweza kuendelea kwa saa 6 hadi 12, pengine zaidi. Kaa karibu kwa utulivu. Majirani na watoto wasijazane mlangoni.

Uchungu wa kusukuma ukianza, kitoto hutoka ndani ya ngozi nyembamba kama mfuko. Mama huipasua kwa meno, hukata kitovu na kumlamba mwanawe mpaka alie. Asipofanya hivyo kwa dakika moja au mbili, msaidie:

1. Pasua mfuko kwa vidole safi, kuanzia usoni.
2. Futa kamasi mdomoni na puani kwa kitambaa safi, kichwa kikiwa kimeinama kidogo.
3. Sugua mgongo na mbavu kwa taulo kavu mpaka kitoto alie na kupumua vizuri.
4. Funga kitovu kwa uzi uliochemshwa, sentimita mbili hivi kutoka tumboni, kisha kata kwa wembe uliochemshwa upande wa nje wa fundo. Paka dawa ya madini ya joto (ayodini) penye jeraha.
5. Mweke kitoto kwenye chuchu ya mama mara moja.

Usimvute kwa nguvu kitoto aliyekwama. Mpigie simu daktari wa mifugo bila kuchelewa ukiona mambo haya: mbwa anasukuma kwa nguvu nusu saa nzima bila kutoa kitu, saa mbili zimepita tangu kitoto wa mwisho nawe unajua wengine bado wamo, maji ya kijani yametoka kabla ya kitoto wa kwanza, au siku zimepita 68 na hakuna dalili yoyote. Namba ya simu itafutwe wiki moja kabla, maana saa nane za usiku si wakati wa kuanza kuuliza mtaani. Mbwa mwingine hataweza kuzaa ila kwa kupasuliwa, na hapo kila saa inahesabiwa.

Joto kwanza, maziwa baadaye

Kitoto cha mbwa hawezi hata kutetemeka kwa baridi katika siku zake za kwanza. Joto lote hupata kwa mama yake na kwa ndugu zake. Ikiwa wamezaliwa wawili tu, hawana wa kujikunyatia. Wiki ya kwanza mahali pao panatakiwa pawe na joto la nyuzi 29 hadi 32, na usiku wetu wa kandokando ya ziwa ni baridi kuliko hapo, hasa mvua ikinyesha.

Jaza chupa ya plastiki maji ya moto yasiyounguza, ifunge vizuri kwa kitambaa kinene na uiweke upande mmoja wa sanduku, ili wanaoona joto limezidi waweze kujisogeza. Badilisha maji kila yakipoa. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imekwisha kuua watu wazima waliolala, sembuse vitoto.

Maziwa ya kwanza, yale mazito tunayoyaita dang'a, yana kinga ya magonjwa. Utumbo wa kitoto huweza kuipokea kinga hiyo katika siku yake ya kwanza tu, hasa saa zile za mwanzo. Hakikisha kila kitoto amenyonya, na mnyonge apewe chuchu za nyuma, ambazo mara nyingi zina maziwa mengi.

Kitoto mwenye afya hunyonya, hulala, na tumbo lake ni la mviringo. Anayelia bila kukoma, au aliyelala peke yake akiwa baridi na mlegevu, yuko hatarini. Ukiwa na mizani ndogo ya jikoni, wapime kila siku kwa saa ileile. Uzito uongezeke kila siku, na siku ya 7 hadi ya 10 uwe mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Anayepungua siku mbili mfululizo anahitaji msaada.

Chakula cha mzazi

Mwanamke aliyejifungua kwetu hupewa uji, supu na samaki, wala hakuna anayeuliza kwa nini. Mbwa mzazi naye anatengeneza maziwa kutoka katika mwili wake mdogo. Kufikia wiki ya tatu na ya nne baada ya kuzaa atahitaji chakula mara mbili hadi tatu ya kile alichozoea. Tumbo lake ni dogo, basi mpe kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, na maji safi yawepo daima.

Kisesa hatukosi vyakula vya kufaa. Dagaa waliooshwa mchanga na kuchemshwa, wakachanganywa na ugali laini, ni chakula kizuri, maana huliwa pamoja na mifupa yao laini yenye madini ya chokaa. Mayai ya kuchemsha, maini, na minofu ya sangara au sato iliyotolewa miiba navyo vinafaa. Usimpe mapanki yaliyokaangwa wala mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu huvunjika vipande vikali vya kutoboa utumbo. Usitie vitunguu wala pilipili, na chumvi iwe kidogo sana.

Kila siku mpapase matiti. Titi likiwa gumu, jekundu, la moto na lenye kuuma, ni ugonjwa wa kiwele, unaotaka tiba ya daktari. Uchafu mwekundu wa kahawia ukimtoka kidogo kidogo kwa wiki chache si ajabu. Ukinuka vibaya, naye akiwa na homa na hataki kula, usingoje kesho.

Mtetemeko usiodhaniwa

Sasa tufikie jambo ambalo kila mwenye mbwa mdogo yampasa alijue. Kati ya wiki ya pili na ya nne baada ya kuzaa, wakati vitoto wanapendeza na mama wa nyumba ameanza kupumua, mzazi huweza kubadilika ghafla. Anahangaika, anahema, anatembea kwa miguu mikavu kama mti, misuli inatetemeka, udenda unamtoka, na mwisho anaanguka kwa degedege.

Chanzo chake ni kwamba maziwa yamevuta madini ya chokaa, yaani kalsiamu, kutoka katika damu kuliko mwili unavyoweza kurudisha. Ugonjwa huu huwapata zaidi mbwa wadogo. Usiuchanganye na kifafa cha mimba cha wanawake, ambacho hutokana na mambo mengine. Asipotibiwa, mbwa huweza kufa kwa muda wa saa chache. Akitibiwa kwa sindano ya kalsiamu inayoingizwa polepole kwenye mshipa na daktari, mara nyingi hupata nafuu upesi kiasi cha kushangaza. Ukiwa unamsubiri daktari au uko njiani kumpeleka, watenge vitoto wasinyonye, mlaze mahali penye kivuli, na usimwagie kitu mdomoni. Usianze kumpa vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba ukidhani unakinga. Huufundisha mwili uvivu wa kutoa madini yake wenyewe, na hatari huongezeka.

Fikiri sasa majirani wakimwona mbwa anatetemeka, anatoka udenda na kuanguka. Watasema nini? Watasema ni kichaa, na mtu atashika rungu. Hapo ndipo kadi ya chanjo huokoa uhai. Ikiwa mbwa amechanjwa kila mwaka na hajaumwa na mbwa mwingine, daktari ataelekea upesi kwenye tiba ya mzazi. Ikiwa hakuna chanjo, kila mmoja ataogopa kumshika, na ana haki ya kuogopa.

Watoto wetu na vitoto hawa

Kichaa cha mbwa si hadithi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo duniani kila mwaka, na wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikisha kutokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini unazuilika. Katika wilaya ya Serengeti, mkoa jirani wa Mara, mbwa wa vijijini walianza kuchanjwa kwa kampeni mwaka 1996, na kichaa kikapungua sana, pamoja na idadi ya watu waliohitaji sindano baada ya kuumwa.

Kwa hiyo tuwafundishe watoto haya. Mbwa mzazi asisumbuliwe anaponyonyesha, maana hata mpole huuma akilinda wanawe. Kitoto asichukuliwe bila ruhusa, wala asibusiwe mdomoni. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kuwashika. Mbwa wa mtaani wasikaribie sanduku, kwa sababu kitoto naye akiumwa na mwenye kichaa huweza kuambukiza.

Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mbwa asiyejulikana kuwa salama, hata kama ni kitoto, oshea jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya sindano. Usipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa.

Tusisahau minyoo. Mbwa huwaambukiza wanawe minyoo tangu wakiwa tumboni na kwa maziwa, na mayai yake yakikaa kwenye udongo huweza kuwaingia watoto wanaochezea hapo. Vitoto wapewe dawa ya minyoo wakiwa na wiki mbili, irudiwe kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, mama yao akipewa pamoja nao. Kinyesi kifukiwe au kitupwe chooni kila siku.

Mzazi akifa au akikosa maziwa

Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo maziwa ya ng'ombe matupu hayawatoshi vitoto. Tafuta kwanza mbwa mwingine anayenyonyesha. Asipopatikana, muulize daktari maziwa maalumu ya vitoto wa mbwa au namna ya kuongeza nguvu maziwa uliyo nayo. Kitoto aliyepoa apashwe joto kwanza ndipo alishwe, kwa sababu tumbo baridi haliwezi kusaga chakula. Mlishe akiwa amelala kifudifudi, wala si chali kama mtoto wa mtu, ili asipaliwe. Wiki ya kwanza atanyonya kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Baada ya kila mlo sugua tumbo na sehemu za haja kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kwani bila kusuguliwa hawezi kujisaidia.

Mpaka siku ya kuagana

Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Wiki ya tatu vitoto huanza kusimama na kuota meno. Wiki ya nne waonjeshe uji mwepesi wenye dagaa waliosagwa laini katika sahani ya chini, nao wataacha ziwa polepole, mzazi apumzike.

Kuanzia wiki ya sita hadi ya nane wapate chanjo ya kwanza ya magonjwa ya vitoto, hasa ya kuhara damu kwa virusi vya parvo, na ile ya distempa. Distempa si ya kudharauliwa. Mwaka 1994 iliua simba wapatao 1,000 wa Serengeti, yaani theluthi moja ya simba wote wa huko, na watafiti walihusisha mlipuko huo na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Chanjo ya kichaa hufuata wakiwa na miezi mitatu, ingawa zoezi la chanjo likipita mtaani wapeleke hata wakiwa wadogo zaidi.

Kitoto asitolewe kabla ya wiki nane. Anapochukuliwa, aondoke na kadi yake, na mpokeaji aambiwe analolikubali: chakula kila siku, chanjo kila mwaka, na mahali pa kulala. Asiyeweza hayo asipewe, hata akiwa ndugu. Wala mzazi asipandwe tena katika joto linalofuata. Mwili wake upumzike mwaka mzima, au zungumza na daktari juu ya kumfunga uzazi kabisa.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sisi tuliozaa twajua maana ya usiku wa kwanza, kiu ya mwenye kunyonyesha, na hofu ya kitoto asiyenyonya. Kiumbe huyu mdogo hawezi kueleza hayo kwa maneno. Tuyaone kwa ajili yake, na kesho asubuhi tuanze kwa kutafuta kadi yake ya chanjo ilipo.